Mwaka wa Kumgeuza Mzee Tokuda

Mtu mzito habebwi kwa mikono. Lijueni hilo kabla hamjavaa hata ile blauzi nyeupe mnayopewa siku ya kwanza. Mikono inashika tu. Yanayobeba ni mapaja, na mapaja hayafui dafu ikiwa miguu imebanwa pamoja kama ya mtu anayepigwa picha ya pasipoti. Panua miguu, shusha kiuno. Na kabla hujamgusa mgonjwa mwambie unachotaka kufanya, hata kama umeambiwa hasikii, hata kama umeambiwa akili zilishaondoka, kwa sababu mwili ulioshtuka huwa mzito maradufu.

Mimi niliyajua hayo kwa kuanguka. Siku yangu ya kwanza katika nyumba ya wazee kule Jette, hapa Brussels, nilimshika mzee mmoja Mflamandi makwapani, nikavuta kwa nguvu zote za ujana, tukaenda chini wote wawili kati ya kitanda na kiti, yeye juu yangu. Akaniuliza kwa upole kabisa kama kwetu ndivyo tunavyoamshana. Aliyetutoa pale alikuwa papa Anselme, papa kwa maana ya baba, mtu wa Goma, mkongwe wa kazi ile, mwenye shingo fupi na sauti ya mtu anayesoma misa. Hakunigombeza. Alingoja mzee atulie, ndipo akanivuta koridoni.

“Faustin,” alisema, “weye unabeba muntu sawa vile mufuko ya simenti. Simenti haiogopi. Muntu anaogopa. Bon, uanze kubeba uwoga yake kwanza, kisha mwili utafuata.”

Siku hizi mna mashine ya umeme inayomnyanyua mgonjwa kama gunia bandarini, na mashuka yanayoteleza yenyewe. Wakati wetu kulikuwa na shuka la kugeuzia, na mkanda mpana wa turubai wenye vishikio, unaomfunga mgonjwa kiunoni ili upate pa kumshika, na mgongo wako mwenyewe. Basi. Nataka niwaeleze habari za mkanda ule, na za mzee niliyemfunga nao. Papa Anselme aliniomba nisizisimulie maadamu yeye yuko kazini. Alishastaafu, akafa, nami nimestaafu. Sasa ni zenu.

Mzee Tokuda alikuwa Mjapani. Katika ujana wake alikuwa mcheza sumo, ile mieleka ya kwao ya watu wanene waliofungwa mkanda tu, wanaosukumana ndani ya duara la udongo mpaka mmoja atoke nje au aguse chini kwa kitu kingine kisichokuwa nyayo zake. Hakufika mbali. Akaacha, akawa mpishi, mkahawa mmoja wa Kijapani ukamleta Brussels, akamwoa Madame Lisette, mshonaji wa Ganshoren, mwanamke mdogo mwenye pini mdomoni hata asiposhona. Hawakupata mtoto. Kisha kiharusi kikampiga. Kilichukua upande wote wa kulia, kikachukua Kijapani chake na Kifaransa chake, kikamwachia neno moja: voilà, yaani “ndiyo hivyo”. Alikuwa na voilà ya njaa, voilà ya maji yaliyopoa, voilà ya kunicheka. Tulielewana vizuri.

Kumgeuza kulihitaji watu watatu: mimi, papa Anselme, na yeyote aliyekuwa na bahati mbaya ya kupita koridoni.

Mwaka ninaousema ni tisini na sita. Asubuhi moja ya Januari, taa za barabarani bado zinawaka, tulikuwa tumemlaza ubavu, papa Anselme kamshika bega nami namsugua mgongo kwa maji ya uvuguvugu, ndipo sakafu ikapiga. Du. Kikapita kimya cha kuvuta pumzi moja, halafu du ya pili. Haikuwa sauti ya mlango wala ya bomba. Ilikuwa sauti ya mguu, mguu mkubwa ulioinuliwa juu ukaachiwa. Maji yalitetemeka ndani ya beseni. Nilimtazama papa Anselme, naye alikuwa akitazama miguu ya mzee. Miguu ilikuwa imelala palepale juu ya shuka, mmoja juu ya mwingine, kama haina habari.

Kesho yake ikapiga tena, saa ileile. Na keshokutwa. Bibi aliyekaa chumba cha chini, Madame Josée, alilalamika kwamba bwana wa juu avue viatu anapofanya mazoezi. Madame Monique, mkuu wa wauguzi wa ghorofa yetu, alimweleza kwamba bwana wa juu hajasimama tangu aletwe hapa. “Basi kwa mtu asiyesimama anajitahidi sana,” akajibu Madame Josée.

Tulicheka. Mimi niliacha kucheka nilipomwosha nyayo. Nyayo za mtu asiyetembea ni laini kama za mtoto. Hazina vumbi, unaziosha kwa heshima tu. Siku ile taulo ilitoka na rangi. Ulikuwa udongo mkavu, wa manjano iliyofifia, umejipenyeza katikati ya vidole vyake, na kwenye kisigino kuna mchanga. Papa Anselme alichukua taulo ile, akaikunja mara nyingi, akaisukuma chini kabisa ya kapu la nguo chafu.

“Usiseme,” aliniambia. “Ukisema, batasema ni siye.”

Baada ya siku kama kumi na tano vishindo vikakoma. Februari yote ilikuwa kimya. Nikaanza kujiambia ni mabomba.

Machi vikarudi, na safari hii vilikuja na alama. Nilimkuta mzee na uvimbe kwenye paji la uso, mwekundu, wa ukubwa wa yai. Madame Monique alituita ofisini, akauliza nani amemwangusha. Alinitazama mimi zaidi, maana habari za lile anguko langu la kwanza hazikuwa zimesahaulika, akasema ikionekana alama nyingine juu ya mgonjwa nisihangaike kuja kesho yake. Kibali changu cha kukaa kilitegemea kazi ile. Nilirudi nyumbani Ixelles kwa basi bila kuona nilikopita.

Aliyeniokoa ni Madame Lisette. Nyumbani kwake Ganshoren alikuwa na dishi, akirekodi mashindano ya sumo yanapoonyeshwa baadaye, na kila baada ya siku chache alimletea mumewe kaseti. Ndiye aliyenifundisha mwaka wa sumo ulivyo. Mashindano ni sita: Januari Tokyo, Machi Osaka, Mei Tokyo tena, Julai Nagoya, Septemba Tokyo, Novemba Fukuoka. Kila shindano siku kumi na tano, na kila siku mchezaji wa madaraja ya juu anainua miguu, mmoja mmoja, na kuipiga chini kwa kishindo, kisha anapigana mara moja. Akishinda mara nane, anapanda ngazi ndani ya daraja lake. Akishindwa mara nane, anashuka. Na mchana wao wa mapigano ni asubuhi yetu ya kuogesha wagonjwa.

Walikuwa wakimfuata mchezaji mmoja, Kenji, mjukuu wa dada wa Mzee Tokuda, aliyekuwa daraja la pili kutoka juu. Alikuwa kijana mrefu mwenye macho ya woga. Siku chache baada ya uvimbe ule Madame Lisette aliweka kaseti, nami nikiwa namlisha mzee uji. Kabla Kenji hajainuka kwenye mstari, mzee akaacha kumeza. Akainua mkono wake mzima, akaufunika paji la uso. “Voilà,” alisema. Ndipo kwenye televisheni wale wawili wakavamiana, na kichwa cha mwenzake kikamtua Kenji palepale, kwenye paji la uso. Hata hivyo Kenji hakuanguka. Alirudi mpaka ukingo wa duara, akasimama kama aliyeegemea ukuta, kisha akaanza kusonga mbele.

Madame Lisette alizima mashine. Alimtazama mumewe, akatazama uvimbe, akanitazama mimi na kijiko changu. Alitoka, akaenda kwa Madame Monique, akamwambia kwamba ni yeye aliyemgonga mumewe kwa kiti, samahani sana, hakuthubutu kusema. Mwanamke yule hakuwahi kudanganya hata juu ya umri wake.

Tangu hapo tukawa watu watatu tunaojua, na hatukujua tunajua nini. Papa Anselme alifunga, akasali, akaweka rozari chini ya godoro. Mzee aliikuta kwa mkono wake mzima, akamrudishia kwa adabu: voilà. Mei Kenji alishinda, akapanda. Julai, Brussels mvua ilinyesha hata tukawasha mashine za joto, lakini mzee alikuwa akitoka jasho kila asubuhi mpaka shuka linakamuliwa, kwa sababu Nagoya ni jua kali wakati huo. Kenji akashinda tena. Na kila alipopanda, mzee wangu alizidi kuwa mwepesi.

Sikilizeni vizuri hapa, maana mikono ya kazi yetu inajua kabla ya mizani. Yule mtu alikuwa anakula. Daktari alipima damu, akapima kila kinachopimika, hakuona ugonjwa. Lakini Mei watu wawili tulimgeuza bila taabu. Septemba nilimgeuza peke yangu, kwa kiganja, kama mtu anavyogeuza chapati. Ngozi ilikuwa ileile, umbo lilelile kubwa kama mlima, na ndani yake hakuna uzito. Mara ya kwanza nilipomgeuza vile, nilikwenda stoo ya mashuka nikakaa chini.

Madame Lisette alipiga simu Japani. Kenji alimweleza, bila kuulizwa sana, kwamba anapofika ukingoni, pale mtu anapojua amekwisha, anasikia kiganja chini ya mgongo wake, kinamsukuma arudi ndani. Alidhani ni marehemu nyanya yake. Alikuwa anamwekea wali, kama wafu wanavyowekewa kwao.

Madame Lisette alimwambia Kenji ni vizuri, aendelee kumwekea. Kisha akakata simu, akaja kukaa kando ya kitanda, akamwomba mumewe aache. Nilikuwepo. Alimwomba kwa Kifaransa, halafu kwa maneno machache ya Kijapani aliyoyajua, maneno ya jikoni zaidi. Mzee alimpapasa nywele. “Voilà,” akasema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, ya mtu anayemtuliza mtoto huku akiwa ameshaamua.

Ikaja Novemba. Mnajua nyote Novemba ile ilikuwaje kwetu Kivu, mashariki ya Kongo. Vita vilikuwa vimeingia Bukavu. Mdogo wangu Bahati, anayeniita yaya, yaani kaka mkubwa, alikuwa huko na mkewe na mtoto wao mchanga, na simu zilikufa. Kila nikitoka kazini nilishuka Ixelles, nikapanga foleni kwenye vibanda vya simu pamoja na nusu ya Kivu, kila mmoja akishika mkononi namba ambazo hazikuitika. Wengine walikuwa wakipiga tu ili wausikie ule mlio. Msiniulize nililalaje.

Nitawaambia jambo ambalo hata mke wangu hakulijua wakati ule. Nilimwonea mzee wivu. Yeye alikuwa ameipata njia. Asubuhi moja niliingia stoo ya mashuka, nikakisia kusini ni wapi, nikaweka viganja ukutani, nikasukuma. Nilipanua miguu, nikashusha kiuno, nikasukuma ule ukuta kwa nguvu zote nilizonazo, nikiita jina la Bahati. Ukuta ulikuwa wa baridi. Nilitoka nikaendelea na kazi.

Shindano la Novemba ni la Fukuoka, na Fukuoka ndiko alikozaliwa mzee. Kenji alikuwa juu kabisa ya daraja lake. Akipata ushindi wa nane ataingia daraja la kwanza, mahali ambapo babu yake hakuwahi hata kufagia. Siku zilikwenda leo ushindi, kesho kushindwa, na vishindo vikawa vikubwa mpaka Madame Josée akahamishwa chumba. Jumamosi ya mwisho Kenji alikuwa ameshinda saba na kushindwa saba. Siku hiyohiyo daktari alimwambia Madame Lisette kwamba moyo wa mumewe umebaki kama uzi, na kama kuna wa kumuaga, amuage.

Alinikuta koridoni. “Kesho utakuwa kazini?” aliuliza. Nikasema ndiyo. “Mfunge ule mkanda. Mshike. Akienda kesho hatarudi.”

Nilikwenda kwa papa Anselme. Alivuta ncha ya sikio lake.

“Kazi yetu ni kumugeuza muntu,” alisema mwishowe. “Hatukupewa kazi ya kumukatalia njia. Ule mutoto ni wa damu yake. Weye, kama wangekuambia Bahati iko ukingoni, na uko na nguvu ya kumusukuma, halafu muntu anakufunga mukanda? Miye siwezi, Faustin. Nitakaa ku mulango, hakuna atakayeingia. Ile tu.”

Alisema kweli, na kweli yake ilinichoma mahali palepale nilipokuwa nikivuja. Lakini Jumapili asubuhi nilipoingia, Madame Lisette alikuwa amekaa kichwani pa kitanda akiwa amevaa koti, pini mbili mdomoni, mikono yake midogo imeshika mashavu ya mumewe. Nikaona kwamba yeye naye yuko ukingoni, na nyuma yake hakuna mtu.

Nikamwambia mzee ninachotaka kufanya. Hiyo ndiyo kanuni, sikuivunja. Nikamfunga mkanda. Alinitazama, akaelewa, akasema voilà, na ilikuwa voilà ya kuomba. Nikafunga breki za kitanda, nikapiga goti moja, nikashika vishikio kwa mikono miwili, nikamkumbatia kifua kwa kifua.

Kulinukia mafuta ya nywele, matamu, mazito, yale wanayopaka wacheza sumo, ambayo hayakuwa ya mtu yeyote katika nyumba ile. Sakafu ikapiga du. Ikapiga ya pili. Halafu akavutwa.

Sina namna nyingine ya kulisema. Mwili haukutikisika hata kidogo, lakini kitu kilichokuwa ndani ya mkanda kiliondoka kuelekea ukutani, nami nikaenda nacho. Viatu vyangu viliteleza juu ya sakafu kavu. Kitanda, na breki zake zimefungwa, kilisogea mpaka kikagusa radieta. Niliposhusha kiuno kilinivuta chini. Nilipoinuka kilinipitia pembeni. Sijawahi kupambana na mtu mwerevu namna ile. Madame Lisette alikuwa akiita jina la mumewe kwa sauti ndogo, mfululizo, kama anayehesabu mishono. Nilikuwa namwambia bakia, papa, bakia, kwa Kiswahili, na sijui tena nilikuwa namwambia nani.

Kisha ikaisha. Uzito ulimrudia mara moja, wote, kama maji yanavyorudi bombani, na mkono wangu ukanasa chini yake. Papa Anselme ilibidi aje aniokoe kwa mara ya pili katika maisha yangu. Nilimwosha mzee nyayo. Zilikuwa safi.

Mchana simu ilitoka Japani. Kenji alisukumwa nje papo hapo, hakufika hata kupumua. Kushindwa kwa nane.

Mzee hakunitazama siku nyingi. Nilimwambia ninachotaka kufanya, nikamfanyia, naye aliangalia dirisha. Nilistahimili; nanyi mtakutana na wagonjwa watakaowachukia, na bado mtawakausha vizuri katikati ya vidole. Nusu ya moyo wangu ilimpa haki. Nyumbani namba ya Bukavu ilikuwa bado haiitiki.

Siku moja ya Desemba Madame Lisette aliomba tumpeleke mumewe ofisini kwenye simu. Mimi ndiye niliyemshikia chombo sikioni. Nilisikia sauti ya kijana, nzito, ikisema Kijapani polepole, ikinyamaza, ikisema tena. Machozi yalimtoka mzee upande mmoja, ule ulio hai. Mwisho akasema voilà, kidogo sana, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile akanitazama.

Nilimuuliza Madame Lisette kijana alisema nini. Alisema Kenji sasa alikuwa ameambiwa yote. Alikuwa amelia, halafu akasema: “Babu, niache nianguke mwenyewe.”

Vishindo havikurudi tena. Kenji alishuka, akahangaika mwaka mzima, akapanda daraja la kwanza kwa mgongo wake mwenyewe, akakaa huko mashindano mawili, akashuka tena. Mzee alimfuata kwenye kaseti, akimpigia kitanda ngumi kwa mkono wake mzima. Alikufa baadaye, mwezi usio na shindano lolote, akiwa amemaliza kahawa yake, na kumtoa kitandani tulihitaji watu wanne.

Bahati alinipigia simu mwaka uliofuata, kutoka ng’ambo ya mto, Rwanda. Yuko hai. Walikuwa wametembea msituni mpaka Shabunda, wakarudi. Aliongea kwa haraka, maana dakika zilikuwa zinakimbia. Nami, mtu mzima, mwenye kazi, badala ya kumuuliza wamekula nini, nilimuuliza kama kule msituni, pale alipochoka kabisa, alisikia kitu mgongoni.

Nadhani alifikiri Ulaya imeniharibu.

“Ku mugongo?” alisema. “Yaya, ku mugongo nilibeba mutoto.”